Tanzia ya Baba Bosun

Siku ya ishirini na tatu baada ya kumzika mume wangu, nilimfunga mbwa wake kamba nikapanda naye kilimani kwenda kuwagombeza watu nisiowajua.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu alfajiri nilikaa jikoni nikiyapanga maneno yangu, haya yatangulie, haya yafuate, haya niyaache ya mwisho ili yawaume vizuri. Miaka tisa Ambrose alitoka kitandani kwangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mvua isimzuie, theluji isimzuie, akaenda na mbwa wake kwenye ule uwanja wa kuchezea mbwa nyuma ya kanisa. Saa mbili alirudi mashavu mekundu, amejaa habari za watu. "Rafiki zangu wa asubuhi," aliwaita. Basi alipokufa, ghafla tu, ngazini, mkono bado umeshika kikombe, kanisa lilijaa. Walikuja wenzake wa kivukoni alikotunza mitambo miaka thelathini na minne. Walikuja binamu zake wote kutoka pwani ya Wafaransa, hata wale ambao hawasemezani. Alikuja daktari wake wa meno! Wale wa asubuhi hakuja hata mmoja. Hakuna kadi, hakuna ua, hakuna hata sahani ya biskuti za molasi mlangoni, na huku kwetu sahani hiyo humfikia hata mfiwa anayechukiwa na mtaa mzima.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hilo ndilo nililopanga liwe la mwisho.

Sikuwa na muda mwingi wa kulisema, kwa sababu mbwa mwenyewe alikuwa anaondoka. Jumamosi Lorne, mtoto wa dada yangu, angekuja kumchukua ampeleke shambani kwake kwenye matufaha. Sikumchukia Bosun, nisisingiziwe. Lakini ni mbwa mkubwa kama kabati, mweusi, udenda unamtoka mchana kutwa, na nywele zake nimezitoa hadi ndani ya siagi. Alikuwa wa Ambrose. Alimpa jina la cheo cha melini, yule msimamizi wa mabaharia, na wawili hao walikuwa na mambo yao ambayo mimi sikuwamo. Tangu mazishi alikuwa anakwenda kukaa mbele ya mlango kila alfajiri, anautazama mpaka saa mbili, kisha anajilaza palepale na kupumua kwa nguvu. Chakula anakigusa tu kwa ulimi. Nilishindwa kumtazama, ndiyo kweli yenyewe. Nilitaka aende akatazame mlango wa mtu mwingine.

Asubuhi ile mji wetu wa Dartmouth haukuwapo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bandarini ukaumeza mtaa, nyumba kwa nyumba, na honi ya ukungu ilikuwa ikilia huko chini, inanyamaza, inalia tena. Nilikuwa natembea kama mtu aliye ndani ya usingizi wake mwenyewe. Tangu Ambrose afe sikuwa nalala vizuri, nilikuwa nasinzia tu, na mambo ya macho na mambo ya ndoto yalikuwa yanaingiliana. Jumapili moja mchana, nikiwa nimejilaza kochini, nilisikia watu wakipita barabarani wakiita, "Bosun! Bosun!", sauti ya mwanamume na ya mwanamke, zikienda zikififia. Bosun aliruka dirishani akabweka kama mwendawazimu. Nikajiambia naota, nikafunga mapazia, nikalala tena.

Uwanja una mlango wa waya. Ukishaingia unajikuta ndani ya kizimba kidogo, mbele yako mlango wa pili. Nikaufungua wa pili nikaingia na mbwa wangu na kamba yangu na hasira zangu, na sikuona kitu. Weupe mtupu. Halafu weupe ule ukaanza kutoa mbwa. Alikuja mmoja mwembamba wa kijivu, akapotea. Wakaja wawili wa manjano wakikimbia bega kwa bega, miguu haisikiki, wakatuzunguka wakayeyuka. Mkia ukapita peke yake. Bosun alianza kutetemeka, kamba ikanikata mkononi.

"Jamani, si Bosun yule?" sauti ya mwanamume ikasema kutoka kwenye ukungu. "Bosun! Bosun amekuja!"

"Usinitanie na roho yangu," sauti ya mwanamke ikajibu.

"Haki ya Mungu ni yeye! We mama, mfungue! Mfungue kamba!"

"Simfungui," nikasema.

Akatokea. Kijana, jitu la ndevu, mikono yote imechorwa nyoka na maua mpaka kwenye vidole, na kutoka kifuani mwa koti lake kinachungulia kijimbwa kisichozidi birika la chai. "Mfungue, mama, nakuomba," alisema kwa upole nisioutegemea. "Humu mbwa hufunguliwa palepale kizimbani. Ukimwingiza amefungwa, wenzake wakamjia wako huru, anaona kavamiwa. Hapo ndipo wanaporaruana. Mwachie tu, uzio upo, hawezi kwenda popote."

Mbwa walikuwa wameanza kukusanyika, na kweli Bosun alikuwa ameinua midomo meno nje, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Nikainama nikamfungua. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Miaka tisa, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika ndoana ya kamba ile.

Mara, kutoka kwenye misonobari ya upande wa pili, ukasikika mluzi. Mrefu mmoja, halafu mifupi mitatu ikipanda. Ni mluzi wa Ambrose, ule aliokuwa akiupiga akifika kona ya nyumba, nami natia maji ya chai jikoni. Bosun alitoka mbio kama risasi, akaingia ndani ya ukungu, na ukungu ukafunga nyuma yake.

"Nani huyo?" nikauliza. "Nani anapiga mluzi?"

"Ndege," alisema yule kijana. "Shorewanda wa shingo nyeupe. Baba Bosun alijifunzia mluzi kwake."

"Bosun!" nikaita. "Bosun, rudi hapa!" Hakurudi. Niliita tena, sauti ikatoka kali, ile ninayomtolea akipanda kochini, na kwa sauti ile hata mimi nisingerudi. "Nikimpoteza huyu," nikasema, si kwao wala kwangu, "Jumamosi nitamwambia nini Lorne?"

"Lorne ni nani? Na wewe ni nani?" Huyu sasa alikuwa yule mwanamke. Bibi mrefu, mkavu, koti la mvua la manjano, gazeti limekunjwa kwapani, na nyuma ya viatu vyake kimbwa cheupe chenye uso wa mwanasheria. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mbwa huyu umempata wapi, bibi?"

"Mama Dalsi, taratibu," alisema kijana.

"Taratibu ya nini, Baba Hekta? Wiki tatu tunamtafuta mwenye mbwa, leo anakuja mtu hata kamba hajui kuifungua! Nasema umempata wapi?"

Hapo ndipo maneno yangu yote niliyoyapanga yakaanguka mchangani, yakatoka mengine.

"Nimempata wapi? Nimempata kochini kwangu! Nimempata kwenye zulia langu, kwenye siagi yangu, miaka tisa! Mimi ni mke wa mwenyewe! Na mwenyewe amekufa, mmesikia? Amekufa, tumemzika, wiki ya nne hii, na katika nyinyi rafiki zake wa asubuhi hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu kuja kumzika! Mnajua kunywa naye kahawa tu! Mnajua kucheka naye tu! Mkeka wa msiba mmeuona una miiba!"

Honi ya bandarini ililia, ikamaliza. Baba Hekta alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, mwili wake wote ule, akakitoa kijimbwa kifuani akakikumbatia shavuni.

"Wewe ndiye Kapteni," alisema.

"Nani?"

"Kapteni. Ndivyo anavyokuita. 'Kapteni amepika supu ya samaki jana.' 'Kapteni nyonga inamsumbua, usiku hageuki.' 'Msinipe huo mfupa, Kapteni ataniweka korokoroni.'" Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kila siku, mama. Kila siku ya Mungu."

Mimi sikujua. Nyumbani aliniita Verna, au haniiti chochote, anakohoa tu mlangoni nami najua ni mimi. Nikasimama pale na kamba tupu mkononi. Nilitaka hasira yangu irudi, maana pasipo hasira ile nilikuwa nimebaki na nini? Lakini ilikuwa inanitoka, kidogo kidogo, kama joto la chai.

Mkono wa Mama Dalsi ulikuwa kwenye gazeti. "Lilitoka tangazo?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Lilitoka, tena lenye picha. Alhamisi."

"Kwa sababu mimi ndiye msomaji hapa. Kila asubuhi nawasomea tanzia, zote, siruki hata moja. Ni desturi yetu, tunakunywa kahawa, nasoma nani katutangulia." Alinisogelea. "Anaitwa nani?"

"Hujui jina lake?"

"Baba Bosun," alisema. "Mimi ni Mama Dalsi. Huyu Baba Hekta. Miaka sita nakaa naye hapa na sijui mama yake alimpa jina gani, na yeye langu halijui. Ndivyo tulivyo humu. Mtu hujitambulisha kwa mbwa, basi, inatosha. Mpaka leo ilitosha. Anaitwa nani, bibi?"

"Ambrose Surette."

Mama Dalsi alifumba macho.

"Wa kivukoni," alisema. "Nilimsoma."

"Ulimsoma?"

"Nilimsoma. Hapa niliposimama, kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini. Ambrose Surette, miaka sabini na moja, fundi wa mitambo, mpenda bustani na nyimbo za kwaya. Picha ya kijana mwenye nywele nyingi."

Picha ile niliichagua mimi, ya mwaka tuliooana. Nilitaka watu wamwone nilivyomwona mimi. Ambrose waliyemwona wao alikuwa na kipara tangu walipomfahamu.

"Tukasema, maskini," alisema Baba Hekta kutoka chini. "Nikauliza, huyu alikuwa nani? Nakumbuka kabisa nikiuliza."

"Aliuliza," Mama Dalsi aliitikia. "Na mimi nikamjibu, sijui, lakini tumsubiri Baba Bosun. Amefanya kazi kivukoni maisha yake yote. Atakuja sasa hivi, atatuambia alikuwa nani."

Hakufungua macho.

"Tulimsubiri mpaka saa tatu," alisema.

Baba Hekta akainuka, akanishika kiwiko akanipeleka kwenye viti vyao, kama saba hivi, vya kila namna, ambavyo watu wameleta kutoka majumbani kwao, vimepangwa nusu duara kuuzunguka mti uliokatwa. Vingine vyote vilikuwa vimekaliwa, kimoja tu hakikuwa na mtu, na wenzao walipoona napelekwa kwenye hicho wakaacha kuzungumza. Kilikuwa kiti cha mbao, mgongo wa fito, rangi ya buluu.

"Hiki kiti changu cha jikoni!" nikasema. Vilikuwa vinne. Mwaka ule wa kwanza wa Bosun kimoja kilipotea, na Ambrose aliniambia kimevunjika mguu, amekitupa. Mguu wake ulikuwa mzima. Nyuma ya mgongo kuna maandishi ya rangi nyeupe: BABA BOSUN.

"Hakuna aliyekikalia," alisema Baba Hekta. "Tunakifuta umande kila asubuhi. Na kule kwenye ubao wa matangazo tuliweka karatasi: 'Baba Bosun, uko wapi, kiti chako kipo.' Halafu Jumapili tukazunguka na gari langu, mimi na Mama Dalsi, mtaa kwa mtaa, madirisha wazi, tunaita. Hatukujua tumwite nani, kwa hiyo tulimwita mbwa."

"Mlipita mtaa wa Tulip?"

"Mara mbili. Kuna nyumba moja tulisikia mbwa anabweka, mapazia yakafungwa. Tukadhani tunawasumbua watu."

Nikakaa. Kiti kilinipokea kama kinavyonipokea nyumbani, kwa kelele ileile ya fito ya tatu. Nikawaambia, kwa sababu nisingeweza kuwatazama bila kuwaambia. Yule bwana wa mazishi, kijana mwenye tai nyembamba, alipokuwa anaandika tangazo aliniuliza, "Na mbwa tumtaje? Siku hizi familia nyingi huwataja." Nami nikamjibu, naikumbuka hadi sauti, "Ambrose ameacha mke. Hakuacha mbwa." Neno moja tu lingetosha. Bosun. Wangelisoma pale, na kanisa lingejaa mpaka nje. Wiki tatu nilikuwa natafuta mchawi, kumbe mchawi mwenyewe mimi.

"Kumbe nilikuwa na wivu," nikasema. "Na mbwa. Mzee mzima."

"Wivu wa mbwa tunaujua wote hapa," alisema Mama Dalsi. "Mume wangu alihama chumba." Mtu alicheka, akajikohoza. Nami nilicheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, nikalia mbele yao pasipo kujificha, mara ya kwanza tangu ngazini.

Mtu aliweka kikombe cha kahawa mkononi mwangu, kina maziwa mengi kupita ninavyopenda, kama alivyokunywa Ambrose. Mbwa walikuwa wanakuja na kwenda ndani ya weupe, wananusa viatu vyangu, wanaondoka. Kwa muda ilikuwa kama ninayaona maji ya chini, samaki wakubwa watulivu wanapita. Bosun hakuwamo. Huko mbali yule ndege alipiga tena mluzi wake, mrefu mmoja, mifupi mitatu, na nikasikia miguu mizito ikikimbilia huko, ikasimama, ikarudi, ikazunguka. Alikuwa anatafuta. Nilitamani kumwita nikaogopa sauti yangu.

Kulikuwa na sanduku la bati chini ya mti, la magazeti ya zamani ya kufutia mbwa miguu. Mama Dalsi alipiga magoti, pamoja na uzee wake, akachakura hadi chini kabisa akatoka na moja limelowa pembeni. Akalifungua kwenye ukurasa, akanipa, na Baba Hekta akanipa kalamu.

"Andika," alisema Mama Dalsi.

"Limeshatoka. Nani atalisoma?"

"Nitalisoma mimi. Wangapi wengine unataka?"

Nikaweka gazeti kwenye goti. Ambrose wangu mwenye nywele alinitazama. Palipoandikwa "ameacha mke wake mpenzi, Verna," pembeni palikuwa na nafasi ndogo nyeupe, nami nikaandika hapo, herufi zinapanda na kushuka, wino unakwama kwenye unyevu. Kisha nikamrudishia.

Alisimama. Alivaa miwani. Watu wakavua kofia, na Baba Hekta akamwinua Hekta kama anayemwonyesha kitu. Mama Dalsi ana sauti ya wasomaji wa kanisani wa zamani, waliosoma kabla ya vipaza sauti, nayo ilikwenda mpaka ndani ya ukungu. Alisoma jina. Akasoma umri, kazi, bustani, kwaya. Akasoma wazazi waliotangulia. Aliposoma "ameacha mke wake mpenzi, Verna," alituliza pumzi, akasoma na maneno yangu:

"Na Bosun."

Ukungu ukatoa kitu cheusi. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea, ulimi nje, amelowa mpaka masikioni. Sitawadanganya: Mama Dalsi kila siku ana biskuti mfukoni, na Bosun anapoitwa na sauti ile amezoea kupata biskuti. Labda alikuja kwa biskuti. Lakini alimpita Mama Dalsi. Akaja kwenye kiti, akanusa miguu ya kiti, akanusa maandishi mgongoni, kisha akazunguka mbele akanitazama sana, kama mtu anayesoma kitu chenye mwandiko mbaya. Akaweka kichwa chake chote mapajani mwangu. Udenda ulinipenya hadi kwenye ngozi. Sikumwondoa.

Mama Dalsi alikunja gazeti. Tukakaa. Baadaye Baba Hekta alikohoa.

"Huyu Ambrose Surette," aliuliza, taratibu, kama alivyouliza siku ile, "alikuwa nani?"

Nikawaambia. Nilianzia kivukoni, tulipokutana, alivyokuwa na grisi shavuni na hajui, na nilipomaliza ukungu ulikuwa umeondoka na bandari yote inaonekana.

Lorne nilimpigia simu jioni. Nilimwambia asije, mimi Jumamosi asubuhi siwezi kuwapo nyumbani, nina watu wananisubiri.